Ramsey Lewis: Mpiga piano aliyeunganisha jazi, soul na midundo ya Brazil

MPIGA piano wa Marekani, Ramsey Lewis, aliyefariki dunia Septemba 12, 2022 akiwa na umri wa miaka 87, anakumbukwa zaidi kwa wimbo mmoja, The In Crowd. Hata hivyo, rekodi alizozitoa baada ya hapo, kati ya mwaka 1966 na 1969, ndizo zinazoonyesha vizuri zaidi jinsi jazi ya Chicago ilivyokutana na soul na midundo ya Amerika Kusini.

Lewis alizaliwa Chicago mwaka 1935, akaanza kujifunza piano akiwa na miaka minne, kisha akawa mpigaji kanisani. Ladha hiyo ya kanisani haikumtoka vidoleni maisha yake yote.

Mwaka 1962, wakati bossa nova ilipoingia Marekani kwa kishindo, kundi lake la watu watatu lilitoa albamu iliyoitwa Bossa Nova. Wanajazi wengi walifanya hivyo mwaka huo, na wengi wao wakaisahau Brazil mapema. Lewis hakuisahau.

The In Crowd, uliorekodiwa mbele ya hadhira katika klabu ya Bohemian Caverns jijini Washington mwaka 1965, ulifika nafasi ya tano katika chati ya Billboard, jambo la nadra kwa wimbo wa jazi usio na mwimbaji. Mafanikio hayo yalikuja na gharama yake. Mwaka 1966 mpiga besi Eldee Young na mpiga ngoma Redd Holt walijiondoa na kuunda kundi lao. Nafasi zao zilichukuliwa na Cleveland Eaton na kijana Maurice White, ambaye baadaye alianzisha Earth, Wind & Fire.

Mwaka 1967 ikatoka Goin' Latin. Humo, Summer Samba wa Mbrazili Marcos Valle unakaa pamoja na Function at the Junction, wimbo wa soul kutoka Detroit. Soul husisitiza pigo la pili na la nne, ilhali samba huyumba katikati ya mapigo; piano ya Lewis ndiyo inayoyashikanisha. Kweli, neno "Latin" lilitumiwa ovyo na kampuni za rekodi, Cuba na Brazil zikatiwa chungu kimoja, lakini upigaji wenyewe hauna uvivu.

Wahakiki wa jazi walimshutumu kwa kuuza sanaa yake. Shutuma hizo zinapungua nguvu mtu anaposikiliza Maiden Voyage ya mwaka 1968, iliyopangwa na Charles Stepney, yenye sauti ya Minnie Riperton kabla hajapata umaarufu.

Katika albamu ya Another Voyage ya mwaka 1969, White alipiga kalimba, ndugu wa ilimba ya Wagogo, katika kibao kilichoitwa Uhuru. Ni miaka ambayo Wamarekani weusi walikuwa wakikitafuta Kiswahili kama lugha ya asili yao. Mwaka 1972 Lewis mwenyewe alitoa albamu iliyoitwa Upendo Ni Pamoja, jina ambalo msomaji wa huku ataliona limekaa upande kidogo, ingawa maana yake haijifichi.