Deraya za Anga Katika Nchi ya Shaba: Kutoka Mukanda Hadi Takataka za Kinshasa

Mwezi wa tano mwaka 1977 mambo mawili yalitokea ndani ya siku nane. Tarehe 17, kwenye uwanda ulio juu ya bonde la mto Luvua, kaskazini mwa jimbo lililoitwa Shaba wakati ule, kampuni ya Ujerumani Magharibi iitwayo OTRAG ilirusha roketi yake ya kwanza. Tarehe 25, huko Marekani, sinema ya Star Wars ilianza kuonyeshwa.

Roketi ya Luvua ilikuwa ya kweli. Mhandisi Lutz Kayser alikuwa amefunga mkataba na serikali ya Mobutu, na kampuni yake ikapewa eneo la karibu kilomita za mraba 100,000, kubwa kuliko nchi kadhaa za Ulaya. Mashine yenyewe ilikuwa mabomba membamba yaliyofungwa pamoja kama mzigo wa kuni. Lakini mwaka ule watu wa Kolwezi hawakuwa na nafasi ya kutazama nyota. Tangu mwezi wa tatu wapiganaji wa FNLC walikuwa wameingia kutoka Angola, wakaiteka Mutshatsha kwenye njia ya reli ya kuja Kolwezi. Mwaka uliofuata, tarehe 13 mwezi wa tano 1978, walifika mjini kwenyewe. Tarehe 19 askari wa miavuli wa Légion étrangère ya Ufaransa wakashuka juu ya Kolwezi. Kesho yake, tarehe 20, OTRAG ikarusha roketi ya pili. Katika jimbo moja, leo watu wanashuka kutoka mawinguni, kesho chuma kinapanda.

Roketi ya tatu, tarehe 5 mwezi wa sita 1978, ilipanda mbele ya macho ya Mobutu mwenyewe, ikageuka, ikaangukia bondeni. Mwezi wa nne 1979 Mobutu aliifunga kazi hiyo, na Wajerumani wakaenda zao Libya. Ile roketi ya kweli ikaisha. Ile ya sinema ikaendelea kuishi.

Namna inavyoendelea kuishi ni jambo la kusimuliwa. Katika Star Wars kuna askari waliovaa deraya, yaani mavazi magumu ya vita, nyeupe kuanzia kichwani hadi mguuni. Mwaka 1997, huko South Carolina, Mmarekani aitwaye Albin Johnson na rafiki yake walianzisha kikundi cha watu wanaojitengenezea deraya hiyo na kuivaa. Wakakiita 501st Legion, Kikosi cha 501. Leo kina maelfu ya wanachama katika nchi nyingi. Hawalipwi. Wanakwenda hospitalini kuwachangamsha watoto wagonjwa, wanakusanya michango ya misaada, wanapiga gwaride kwenye sherehe.

Wanachotafuta ni kufanana na skrini bila kosa. Karatasi ngumu ya plastiki inapashwa moto hadi ilegee, inalazwa juu ya umbo, hewa inanyonywa kwa chini, nayo plastiki inashika sura ya kifua, ya bega, ya goti. Kisha inakatwa, inapigwa msasa, inaunganishwa kwa gundi na mikanda ndani, inavaliwa juu ya nguo nyeusi ya kubana. Mwenye kutaka kuingia kikosini hutuma picha, na wakaguzi wanalinganisha na sinema: rangi ya vioo vya macho, nafasi kati ya vipande, hata hesabu ya mistari midogo iliyochorwa kwenye helmeti. Akikosea, anaambiwa arekebishe. Mambo hayo yalifika hadi mahakamani. Andrew Ainsworth, fundi Mwingereza aliyetengeneza helmeti za sinema ya kwanza, alishtakiwa na kampuni ya Lucasfilm kwa kuziuza nakala zake. Mwezi wa saba 2011 Mahakama Kuu kabisa ya Uingereza iliamua kwamba helmeti ile si sanamu ya sanaa bali ni kifaa cha kufanyia sinema, na fundi akaruhusiwa kuendelea kuzitengeneza nchini mwake.

Msikilizaji wa Lualaba anaweza kudhani hii ni michezo ya wenye pesa wa mbali. Historia ya upande huu inasema vingine, na mzee wa Kichokwe angecheka kidogo kusikia habari ya wakaguzi. Katika mukanda, kambi ya kuwatahiri na kuwafunda vijana, mikishi inavaliwa kwa sheria kali kuliko za Kikosi cha 501. Uso unachongwa kwa mti au unaundwa kwa maganda ya miti na utomvu. Mwili mzima unafunikwa kwa vazi la nyuzi zilizofumwa, mpaka vidole, ili pasionekane ngozi ya mtu. Kila mkishi ana umbo lake linalotambulika: Pwo si Chihongo, na Chihongo si Chikunza. Anayevaa haigizi mtu mwingine. Kwa wanaomtazama, yeye ni mhenga aliyerudi. Mengine ya mavazi hayo huchomwa moto kambi inapofungwa. Upande wa Zambia, UNESCO iliutangaza mchezo wa makishi kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005, bila kuuliza kama ni sanamu au ni kifaa.

Baada ya mhenga, akaja afisa. Ngoma ya beni ilizaliwa pwani ya Kenya katika miaka ya 1890. Vita vya 1914 hadi 1918 viliisambaza pamoja na askari na wapagazi, mpaka ikafika kwenye miji ya machimbo, Katanga na ng'ambo ya mpaka. Wachezaji walivaa yunifomu za kijeshi, wakapanga vyeo vya mfalme, gavana na jenerali, wakapiga kwata. Wakoloni hawakujua wacheke au waogope. Mwaka 1951, huko Luanshya, mtaalamu J. Clyde Mitchell alitazama mtoto wa beni aitwaye kalela: vijana wa machimbo wamevaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vinavyong'aa, kati yao "daktari" mwenye joho jeupe na msalaba mwekundu. Mtu anayeshinda shimoni siku sita, siku ya saba anavaa vazi la yule anayemtibu au anayemwamuru.

Kisha ikaja skrini. Katika kambi za wafanyakazi wa Copperbelt, miaka ya 1940 na 1950, watoto walijitengenezea kofia za kikauboi na vilinda-miguu vya karatasi, wakachonga bastola za mti, wakakimbia vichochoroni wakipiga kelele "Jeke! Jeke!" Jeke ndiye Jack, na kila shujaa wa sinema za kikauboi aliitwa hivyo, awe nani. Kinshasa, iliyoitwa Léopoldville, vijana waliojiita Bills, kutoka jina la Buffalo Bill, walivaa jinzi na vitambaa shingoni, wakaunda lugha yao ya mtaani. Hao ndio wazee wa Kikosi cha 501 katika sehemu hii ya Afrika, nao hawakusubiri mtu awakague.

Wa anga hakuchelewa. Mwaka 1964, Zambia ikijiandaa kwa uhuru, mwalimu Edward Makuka Nkoloso alitangaza chuo chake cha sayansi na utafiti wa anga. Alivaa helmeti na joho, akawavalisha wanafunzi wake nguo za kijani za kijeshi, akawabingirisha mlimani ndani ya pipa la mafuta ili wauzoee mwendo wa angani. Msichana Matha Mwamba alikuwa apelekwe mbali pamoja na paka. Nkoloso aliomba pauni milioni 7 kutoka UNESCO, hakupata kitu. Magazeti ya Ulaya yalimcheka. Yalisahau kutaja kwamba mtu huyo alikuwa amefungwa na wakoloni katika miaka ya 1950, na aliyepitia gereza hilo alikuwa na sababu zake za kuwachezea wazungu mchezo wasiouelewa.

Kinshasa ndipo mambo haya yote yanakutana leo. Mwaka 2013 Michel Ekeba na Eléonore Hellio walianzisha Kongo Astronauts. Ekeba alijishonea vazi la mwanaanga kwa vibao vya ndani ya simu, redio na kompyuta zilizokufa, pamoja na nyaya zake, akavaa helmeti, akaingia mitaani. Anapita kati ya mama wanaouza, mapikipiki na watoto, polepole kama mtu anayekanyaga mwezi, ndani ya joto la Kinshasa. Tangu 2015 msanii Eddy Ekete na wenzake wanafanya tamasha la KinAct, ambapo vijana wa kikundi cha Ndaku Ya La Vie Est Belle wanatembea barabarani wamevaa kile ambacho Walingala wanakiita fulu, takataka: chupa, makopo, matairi, vipande vya redio.

Hakuna skrini ya kulinganisha nayo. Hakuna mkaguzi wa kumwambia Ekeba kwamba mistari imezidi mmoja. Lakini vazi hilo lina usahihi wake, na mtu wa Kolwezi ndiye anayeweza kuusoma vizuri kuliko wote. Ndani ya kile kibao cha kijani njia za umeme ni za shaba. Ndani ya betri ya simu kuna kobalti, na zaidi ya thuluthi mbili ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka Kongo, sehemu kubwa kutoka Lualaba hii hii. Malori yanaondoka hapa, yanapita Kasumbalesa, yanafika bandari za Dar es Salaam na Durban, na kobalti nyingi inasafishwa China. Simu inauzwa, inatumika, inauzwa tena ikiwa imechoka, inafia Kinshasa. Ekeba anaiokota na kuivaa kifuani. Safari yote hiyo, na mwisho wake ni mita chache kutoka mtaro wa maji machafu.

Mwenzao Falonne Mambu anajivika nyaya za umeme mwili mzima, kuuliza kwa nini nchi yenye Inga inalala gizani. Swali hilo linafika hadi mlangoni mwa wakaaji wa Nzilo. Bwawa la Nzilo, lililoitwa Delcommune, lilijengwa na Union Minière mwanzoni mwa miaka ya 1950 ili mto Lualaba uwashe mitambo ya shaba. Hapo hapo ziwa likafunika bonde. Mwaka 1982 ukamalizika waya wa Inga–Shaba, karibu kilomita 1,700 kutoka Inga, na mwisho wake ni Kolwezi. Umeme wake ni wa aina isiyoweza kugawanywa njiani bila kituo kikubwa cha kuubadilisha, kwa hiyo kijiji baada ya kijiji kilitazama nguzo zikipita juu ya paa za nyasi na kuendelea kuwasha koroboi. Mambu hakuhitaji kubuni kitu. Alichukua waya ule ule akauvaa.

Wako wengine wanaolijua vazi hili hata kabla ya kuliona. Kasulo, hapa Kolwezi, kobalti ilipatikana chini ya nyumba za watu, na wengine wakachimba mashimo ndani ya vyumba vyao vya kulala. Mwaka 2017 mamia ya familia zilihamishwa ili machimbo yapangwe upya. Wengine walipokea pesa wakaenda kununua kiwanja mbali na soko na shule. Madini yaliyokuwa chini ya vitanda vyao yamekwisha kuondoka. Hakuna anayeweza kusema simu ipi ina udongo wa nyumba ipi, lakini iko simu yenye udongo huo, na siku moja itafika jalalani kama nyingine zote.

Kongo Astronauts wameupa mfululizo mmoja wa picha zao jina la After Schengen, "Baada ya Schengen", kwa viza ile ya Ulaya inayomsumbua kijana wa Kinshasa kuliko mwezi. Kobalti ya Kolwezi haiombi viza.

Mwaka 2021 skrini yenyewe ilikuja kuchukua somo kutoka upande huu. Saul Williams na Anisia Uzeyman walitengeneza sinema ya Neptune Frost, iliyopigwa picha Rwanda, juu ya mchimbaji wa koltani aliyempoteza ndugu yake mgodini, akakimbilia kijiji kilichojengwa kwa mabaki ya kompyuta. Wanazungumza Kinyarwanda, Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili. Mavazi ni ya Mnyarwanda Cedric Mizero, nayo yameundwa kwa nyaya na vipande vya mashine zilizotupwa. Mwanachama wa kikosi chochote huko Marekani atakayetaka vazi hilo kama lilivyo kwenye skrini, plastiki nyeupe haitamsaidia. Itambidi aanzie jalalani.