Garissa kwa Tuktuk: Vituo 6 vya Kukuonyesha Mji Wenye Wengi Wanaujua kwa Jina Tu

Kule Savannah, Marekani, mji ulioanzishwa 1733, watalii hupanda kibasi cha madirisha wazi kinachozunguka mji mzima huku dere akiwapigia stori za zamani. Unashuka kituo unachotaka, ukimaliza unadandia kingine. Garissa haina hiyo kitu, lakini tuktuk ziko. Na tuktuk moja, dere anayejua mtaa na asubuhi moja vinatosha kukuonyesha mji wenye historia nzito kuliko ile unasoma kwa news.

Shida ni moja: hapa hakuna kipaza sauti cha kukuambia umefika wapi. Kama huulizi, utapita mahali watu walilia ukidhani ni uwanja wa kawaida.

Kufika na kukodi

Kutoka Nairobi ni kama kilomita 370, unapitia Thika na Mwingi. Safiri mchana. Beba kitambulisho, na usikiweke chini kabisa ya bag, kwa sababu utaulizwa njiani.

Ukifika, usipande tuktuk ya kubeba watu wengi. Kodi yako kwa saa na mwelewane bei kabla injini iwake. Anza na salamu: "Asalaam aleikum" inafungua milango mingi. Mzee muite "adeer", kijana mwenzako "abowe". Na ile "warya" ya Nairobi iache huko huko. Kwa Kisomali ni njia ya kumshtua mtu, kama "wewe!", na vile imetumika kudharau Wasomali, wengi hawaipendi.

Toka mapema. Saa sita jua la Garissa halina mchezo, na Ijumaa adhuhuri maduka hufungwa watu waende kuswali.

1. Daraja la Tana

Anzia hapa. Ng'ambo ya magharibi ni Madogo, kaunti ya Tana River. Upande huu ni Garissa. Chini yako unapita mto mrefu kuliko yote Kenya, na kando yake kuna mashamba ya ndizi, maembe na matikiti. Usishuke kucheza na maji, mamba wanaishi humo.

Daraja hili ni zaidi ya barabara. Mkoloni alifanya kaskazini yote kuwa eneo lililofungwa, huingii wala hutoki bila ruhusa. Uhuru ulipokuja 1963, vita vya Shifta vikaanza, na sheria ya hali ya hatari iliyowekwa mwaka huo iliondolewa 1991 pekee. Ndio maana mpaka leo utasikia mtu wa Garissa akisema anaenda "Kenya" akimaanisha Nairobi. Si utani mtupu.

Mto nao una hasira zake. Mafuriko ya 2024 yalikata barabara kati ya Garissa na Madogo, watu wakavuka kwa boti, na boti moja ikapinduka na kuua.

2. Soko Mugdi

"Mugdi" kwa Kisomali ni giza. Mtaa wa Bulla Iftin nao, "iftin" ni mwanga. Kwa hivyo mji mmoja una giza na mwanga, na tuktuk inakupeleka kote.

Sokoni tafuta maziwa ya ngamia na nyirinyiri, zile nyama ndogo zilizokaushwa na kuhifadhiwa kwa samli. Ni chakula cha safari cha wafugaji: hakihitaji friji, na kipande kidogo kinashikilia tumbo. Chai ya maziwa ya ngamia ukiizoea, ile ya kwenu itaonekana maji.

3. Bulla Kartasi na Garissa Primary

Hapa mwambie dere apunguze mwendo.

Novemba 1980, maafisa wa serikali waliuawa kwa risasi mjini. Jibu la vikosi vya usalama likawa kuadhibu mji mzima. Mtaa wa Bulla Kartasi ulichomwa. Wakazi walikusanywa kwenye uwanja wa Garissa Primary, wakazuiliwa hapo kwa siku kadhaa juani bila chakula wala maji. Wangapi walikufa? Idadi inabishaniwa mpaka leo. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika habari hii kwenye ripoti yake ya 2013.

Wale walikuwa watoto 1980 sasa ni wazee. Ukipata mmoja na akakubali kuongea, zima simu usikilize. Akikataa, heshimu. Si content.

4. Soko la mifugo

Hili ni kati ya masoko makubwa ya mifugo Afrika Mashariki. Ng'ombe, ngamia na mbuzi hutoka mbali, wengine mpaka Somalia, na ng'ombe wengi wa hapa huishia kwa sahani za Nairobi. Ukame ukipiga kaskazini, mfugaji anauza kwa hasara kabla mnyama afe njaa. Kwa hivyo ukitaka kujua hali ya kaunti, angalia mbavu za ng'ombe kabla uangalie hotuba za wanasiasa.

5. Garissa University

Tarehe 2 Aprili 2015, magaidi wa Al-Shabaab waliua watu 148 hapa, wengi wao wanafunzi. Kwa vijana wengi wa rika letu, hiyo ndio Garissa pekee wanayoijua.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, na 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Vijana wanasoma huko leo. Usiende kupiga selfie getini. Pita kwa heshima, na ukumbuke pande zote mbili: waliokufa, na waliorudi darasani.

6. Twiga wa Bour-Algi

Malizia hapa, kusini mwa mji kidogo. Ni hifadhi ya jamii, na twiga wake ni wale wenye mistari kama wavu. Utaona pia dikidiki, na ukibahatika, swala twiga mwenye shingo ndefu. Hata jina lake la Kizungu, gerenuk, limetoka Kisomali. Jioni ndio poa, jua likishapoa.

Mambo ya kushika

- Usipige picha za polisi, kambi za jeshi wala vizuizi vya barabarani. Daraja pia, liache.
- Usipige picha ya mtu, hasa akina mama, bila kuomba.
- Vaa nguo za kufunika mwili. Hata jua litakushukuru.
- Mji si mpaka. Ukitaka kuendelea kuelekea Dadaab au mpaka wa Somalia, uliza hali ya usalama kwanza.

Mwisho wa siku, dere wako ndiye maktaba. Mlipe vizuri, mnunulie chai, halafu muulize swali moja: ni wapi hapa Garissa mgeni hupita bila kuuliza? Atakapokupeleka, hicho ndicho kituo cha saba.