Omena, Osuga na Got Asego: Venye Utakaa Fiti Homa Bay na Migori Bila Jim na Bila Doo Mob

Nilirudi ocha Migori nikiwa na bag moja, deni na tumbo. Kolej nilikuwa nimeachia mwaka wa pili, na hiyo time yote ya Nairobi nilikuwa naishi kwa chipo, smokie na soda baridi. Siku moja kanisa ya hapo kwetu ikaleta kambi ya kupima watu bure, mathe akanisukuma kwa laini. Nesi akanifunga kile kitambaa kwa mkono, akaangalia mashine, akanyamaza, akanifunga tena. 152 juu ya 98. Nilikuwa na miaka 25.

"Wuoda, kwenu kuna mtu amewahi kupigwa na stroki?" akaniuliza.

Yuko. Uncle yangu, mtu wa nduthi, sai hutembea na fimbo na mkono wake wa kulia haushiki kitu.

Kwa hivyo hii si story ya kutafuta kifua ya kupiga picha. Na mimi si daktari, nimeshasema hata kolej sikumaliza. Nimekusanya tu mambo yenye manesi na watu wa lishe hurudia kila siku, nikayaweka kwa dishi na barabara za huku kwetu. Kitu moja nimegundua: dishi poa tunayo. Shida ni kwamba tunaiuza yote, ama tunaiharibu tukiwa jikoni.

PRESHA HAINA KELELE

Mwaka 2015 serikali ilifanya utafiti wa nchi nzima kuhusu magonjwa yasiyoambukiza, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani, WHO. Karibu mtu mzima 1 kati ya 4 alipatikana na presha. Zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja.

Hapo ndio noma iko. Presha haiumi. Unaeza kuwa nayo miaka kumi ukibeba magunia na kucheza boli, halafu siku moja mdomo unaenda upande. Namba ya kushika ni 140 juu ya 90. Ukipimwa siku tofauti na bado uko hapo ama juu, hiyo ni presha. Chini ya 120 juu ya 80, uko sawa.

OMENA: NDOGO LAKINI KALI

Tuanze na yenye tunadharau. Omena inakupea protini kwa bei ya mwananchi, na juu unaikula nzima na mifupa yake, unapata kalsiamu yenye kipande ya ngege haiwezi kukupea. Madini ya chuma na zinki pia ziko ndani.

Lakini sehemu kubwa ya omena inayotoka ziwani huishia kwa chakula ya kuku na mifugo. Wakati Madaraka Day ya 2025 ilifanyiwa Homa Bay, mada ilikuwa uchumi wa majini, na kila mtu alikuwa anaongea venye samaki ni doo. Ni ukweli, ni doo. Lakini pia ni dishi, na mtoto wa Mbita ama Muhuru Bay anafaa kuila kabla ya kuku wa Nairobi.

Ukinunua gorogoro, chagua ile imeanikwa juu ya wavu, si ile ya kwa mchanga. Iwe inang'aa na isikuwe na harufu ya kuoza. Loweka kwa maji moto dakika chache, osha mara tatu ama nne mpaka mchanga uishe chini ya beseni. Kwa sufuria ya watu wanne, vijiko viwili vya mafuta vinatosha. Weka vitunguu, nyanya, dania, funika iive. Mwisho kamua ndimu.

Uvuvi wa omena hufungwa Aprili hadi Julai ndio samaki wazaane. Hiyo time bei ikipanda, rudi kwa maharagwe, ndengu, njugu na mayai. Protini ni protini.

MGONGO WAZI SI AIBU

Mbuta ililetwa Ziwa Victoria miaka ya 1950. Baadaye viwanda vikaanza kutoa minofu na kuipeleka ng'ambo, sisi tukabaki na mifupa na kichwa, ndio maana tunaiita mgongo wazi. Nyama inayobaki hapo bado ni samaki safi. Noma ni venye inauzwa: imekaangwa kwa mafuta yenye imechemka tangu juzi mpaka ikawa nyeusi. Nunua mbichi, ichemshe na nyanya, vitunguu na tangawizi. Utapata supu na utapata nyama.

Hata ngege ni hivyo hivyo. Ya kuchemsha ama ya kuchoma inashinda ile inaogelea kwa mafuta.

OSUGA, DEK, APOTH, BOO

Osuga ndio managu. Dek ndio saga. Apoth ndio mrenda, na boo ni majani ya kunde. Sukuma wiki iko sawa, lakini ukiila siku saba kwa wiki unajinyima, juu hizi mboga za kienyeji zina madini ya chuma, kalsiamu na vitamini A ya kutosha, na zinamea hapo nyuma ya nyumba. WHO inasema mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku. Wengi wetu hatufiki.

Osha mboga kabla ya kukata, si baada. Osuga na dek zikiwa chungu, tumia njia ya dani: chemsha, mwaga maziwa, acha ikae, pasha kesho. Uchungu unapungua na unaongeza protini. Ukikula na ndimu ama tunda kama pera, mwili unashika madini ya chuma vizuri zaidi. Chai nayo inafanya kinyume, kwa hivyo wacha saa moja ipite baada ya kula ndio uinywe. Hii ni muhimu zaidi kwa mama mjamzito na mtu mwenye damu kidogo.

Na kuna kitu sikuwa najua: magadi. Ile ya kulainisha mboga ina sodiamu, kitu ile ile kwa chumvi inapandisha presha. Ukiweka magadi, halafu chumvi, halafu kipakiti cha mchuzi, umeweka mara tatu kwa sufuria moja.

UGALI, TUONGEE UKWELI

Hakuna mtu anakuambia uwache ugali. Hiyo ni story ya watu wa Instagram. Shida yetu ni mlima wa ugali na mboga kijiko mbili pembeni. Geuza: nusu ya sahani iwe mboga, robo ugali, robo samaki ama maharagwe. Ukihisi njaa, ongeza mboga kwanza.

Kama unaeza, saga mwenyewe kwa posho mill. Ugali ya mtama na muhogo, ama ya wimbi, ina nyuzinyuzi yenye ile unga nyeupe ya pakiti imepoteza. Inakaa tumboni, hautafuti mandazi saa nne.

Na tukiongea breakfast, Kabondo iko hapo Homa Bay na rabuon zimejaa. Viazi vitamu viwili vya kuchemsha vinashinda mandazi tatu za mafuta. Ukipata zile za rangi ya machungwa ndani, wape watoto, zina vitamini A nyingi.

CHUMVI NA SUKARI

Chumvi: WHO inasema chini ya gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, ukihesabu yote ya siku nzima. Toa chupa ya chumvi mezani. Wiki ya kwanza dishi itakaa bure, wiki ya tatu ulimi umezoea.

Sukari: watu wa Awendo mtanisamehe, najua kiwanda iko hapo na miwa inalipa fees. Lakini soda ya kola ya nusu lita ina karibu gramu 53 za sukari, kama vijiko 13 vya chai. WHO inataka mtu mzima asipite karibu gramu 50 kwa siku. Yaani chupa moja imemaliza siku yako, na bado haujaweka sukari kwa chai. Punguza pole pole, kutoka vijiko vitatu hadi viwili, halafu kimoja.

MAZOEZI YA BURE

Kipimo ni dakika 150 kwa wiki. Hiyo ni nusu saa mara tano. Mwendo wa kutosha ni ule unaeza kuongea lakini hauwezi kuimba. Juu ya hiyo, siku mbili za kujenga misuli.

Kama unashinda ukilima, ukivuta wavu ama ukibeba mchanga, mwili wako tayari unafanya kazi. Wewe shika usingizi, maji na dishi. Hizi zingine ni za sisi wa kukaa: watu wa duka, ofisi, simu na nduthi.

Homa Bay town una Got Asego hapo juu yako. Panda asubuhi kabla jua liwake, enda na mtu, beba maji. Mara ya kwanza pumzika popote. Usishindane na vijana wa shule.

Migori, Rongo na Awendo, anza na kitu ndogo: ile safari ya nduthi ya dakika tano, itembee.

Misuli: mtungi wa lita 20 ukijaa maji ni kilo 20. Usianze nao. Chukua mitungi miwili ya lita 5, moja kila mkono, tembea hatua 40, weka chini, pumzika, rudia mara nne. Halafu kaa na usimame kwa stuli mara 10, piga push-up 10 ukishikilia ukuta kama za chini zinakushinda. Dakika ishirini, umemaliza.

Msee wa nduthi, wewe ndio nawaza sana. Unakaa masaa kumi, mgongo umekunjika, lunch ni soda na mandazi. Kila ukiwa stage bila kastoma, shuka, tembea, nyoosha mgongo. Beba maji yako.

Kuogelea nayo, pole. Ziwa ni letu lakini lina kichocho, na sehemu zingine kuna viboko na mamba. Usifanye ziwa jim yako. Kama huoga ama unafanya kazi kwa maji kila siku, uliza kituo cha afya kuhusu dawa ya kichocho.

UKIKONDA WATASEMA

Hii hakuna mtu huiandika. Huku kwetu ukikonda, watu hawaulizi unafanya zoezi gani. Wanaulizana kwa sauti ya chini. Ukimwi umetuzikia watu wengi, Homa Bay imekuwa kati ya kaunti zenye maambukizi ya juu zaidi Kenya kwa miaka mingi, na mwili mkubwa ukawa kama cheti ya kuonyesha uko salama. Najua wasee wanabaki na kitambi juu ya hiyo peke yake.

Mimi nilipopunguza kilo sita, jirani alimwita mathe kando. Iliniuma. Lakini kitambi si cheti, na kukonda si ugonjwa. Cheti ni kupimwa. Na kama unatumia dawa za virusi, hii dishi na hizi hatua ni zako pia, pengine kutuliko, juu presha na sukari hazichagui. Ila ukikonda bila kujaribu, ama na kikohozi ama homa haziishi, usingoje. Enda hospitali.

ANZA NA WIKI MOJA

Usibadilishe kila kitu Jumatatu, utachoka Jumatano. Wiki hii fanya haya:

- Pima presha. Andika namba kwa simu.
- Toa chumvi mezani, na magadi kwa mboga.
- Soda moja kwa wiki, si kwa siku.
- Mboga za kienyeji siku nne, omena siku mbili.
- Tembea nusu saa siku tatu. Wiki ijayo, nne.

Kama una presha ya juu sana, kisukari, kifua kinabana ama una mimba, ongea na daktari kabla uanze kupanda milima. Na kama ushapewa dawa, usiziwache juu unahisi poa ama juu mtu amekuuzia mizizi sokoni. Unahisi poa juu dawa inafanya kazi. Uncle yangu aliwacha zake hivyo.

Miezi tano baadaye nilipimwa 134 juu ya 86. Bado si ile ya kujivunia, na kila mwezi narudi kwa nesi. Jumapili jioni natembea na uncle hadi daraja ya Migori na kurudi. Yeye huenda pole, inatuchukua saa nzima, na hakuna siku ameniambia turudi kabla tufike.