Nta ya Kifua Kikuu: Jinsi Kinga ya Mwili Ilivyogunduliwa Kutambua Mafuta

Hamukungu, kijiji cha wavuvi na wafugaji kando ya Ziwa George wilayani Kasese, Uganda, kimo ndani ya eneo la Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Ng'ombe wa wafugaji wa jamii ya Wasongora hulisha karibu na nyati, na tangu mwaka 1963 madaktari wa mifugo waliandika kwamba nyati wa hifadhi hiyo wana kifua kikuu. Bakteria wao, Mycobacterium bovis, humfikia binadamu hasa kwa maziwa mabichi.

Bakteria huyo, sawa na ndugu yake, bakteria wa kifua kikuu cha binadamu aliyetangazwa na Robert Koch mwaka 1882, amevaa koti la nta. Nta hiyo hushika rangi nyekundu ya maabara hata ikioshwa kwa asidi, ndiyo maana mpimaji wa makohozi humwona kwa hadubini. Ajabu ni kwamba kwa miaka mingi wataalamu wa kinga hawakuihesabu nta hii kuwa kitu ambacho seli T zinaweza kukitambua.

Seli T ni askari wasioona adui mpaka waonyeshwe. Mwaka 1974, Rolf Zinkernagel na Peter Doherty walithibitisha huko Canberra kwamba lazima protini fulani juu ya seli iwaonyeshe dalili za maambukizi. Baadaye ikajulikana kuwa kinachoonyeshwa ni vipande vya protini, na wengi wakaridhika hapo.

Mwaka 1979, Andrew McMichael, César Milstein na wenzao walieleza protini nyingine, ambayo leo inaitwa CD1. Kazi yake haikujulikana hadi mwaka 1992, Steven Porcelli, Michael Brenner na wenzao huko Boston walipoona aina yake ya CD1b ikionyesha seli T kitu fulani cha bakteria wa kifua kikuu. Mwaka 1994 kitu hicho kilitajwa: asidi ya maikoliki, sehemu ya nta ileile.

Namna CD1b inavyofanya kazi inapendeza. Ndani ya CD1b mna mifereji isiyopenda maji. Mikia mirefu ya mafuta huingia humo, na kichwa hubaki nje kikiguswa na seli T. Umbo hilo lilichorwa mwaka 2002. Panya wa maabara hawana CD1b kabisa, na naamini hilo lilichangia kuchelewesha ugunduzi.

Jambo kubwa kwetu ni hili: protini zinazoonyesha vipande vya protini hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, lakini CD1 inakaribia kufanana kwa watu wote. Kwa hiyo chanjo iliyojengwa juu ya mafuta ya bakteria ingeweza kumfaa Msongora na Mmarekani vilevile. Bado haijapatikana; kwa sasa tunayo chanjo ya kifua kikuu ya BCG, iliyoanza kutumika mwaka 1921 na kutengenezwa kwa bakteria huyohuyo wa ng'ombe. Watafiti wanaotafuta chanjo hiyo ya mafuta waje pia kwenye vijiji vya wafugaji. Na wewe msomaji, chemsha maziwa, na ukikohoa wiki mbili nenda ukapimwe.