Upele na chawa: Kwa nini kijiji kizima hutibiwa siku moja?

Mtoto anajikuna usiku kucha. Mama anampaka dawa, anapona. Wiki chache baadaye, muwasho umerudi. Mara nyingi tatizo si dawa. Ni kwamba anaolala nao hawakutibiwa.

Upele huletwa na utitiri, mdudu mdogo sana anayechimba ngozi na kutaga mayai humo. Kwa anayeupata mara ya kwanza, muwasho huweza kuchelewa wiki 4 hadi 6. Muda wote huo anaambukiza wengine bila kujua.

Na si muwasho tu. Vidonda vya kujikuna huingiza bakteria wanaoweza kudhuru hata figo. Mwaka 2017, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliuweka upele kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika.

Fiji walifanyaje?

Utafiti uliochapishwa 2015 ulihusisha watu 2,051 katika jamii tatu za visiwani. Hivi ndivyo upele ulivyopungua baada ya mwaka mmoja:

• Walipotibiwa wagonjwa na watu wao wa karibu tu: kutoka asilimia 36.6 hadi 18.8

• Walipopaka wote krimu ya permethrini: kutoka 41.7 hadi 15.8

• Walipomeza wote vidonge vya ivermektini: kutoka 32.1 hadi 1.9

Chawa je?

Ivermektini huua pia chawa wa kichwani, ila haiui mayai yao. Ndiyo maana dozi ya pili huhitajika, ili kuwamaliza walioanguliwa baadaye.

Tanzania dawa hii si ngeni: imekuwa ikigawiwa kwenye kampeni za usubi na matende.

Nani hapewi vidonge?

Kwa kawaida, wajawazito na watoto walio chini ya kilo 15. Hao hupewa dawa ya kupaka. Usijinunulie tu dukani, muulize kwanza mhudumu wa afya.

Nyumbani ufanye nini?

• Wote mtibiwe siku moja, hata asiyejikuna.

• Fueni nguo na mashuka kwa maji ya moto, kisha yaanikwe juani.

• Kisichofulika kifungeni kwenye mfuko wa plastiki kwa wiki moja. Utitiri ukikosa ngozi ya mtu hufa ndani ya siku chache.

Na mwenye upele asichekwe wala kuitwa mchafu. Hata anayeoga kila siku huupata. Akichekwa ataficha, na akificha, nyumba nzima itaendelea kujikuna.