Kasi au Faragha? Historia ya Yule Anayekaa Katikati

1/ Kila msimu wa siasa lazima mtu apande jukwaani aahidi intaneti ya kasi na ya bei nafuu hadi kijijini. Makofi. Mwingine akiuliza habari ya faragha anajibiwa, "Mwananchi anataka data, hayo mengine ni ya matajiri." Leo sitaji mtu wala chama. Nataka tupitie historia tu, kwa sababu hii biashara ya kutoa siri upewe kasi haikuanza jana.

2/ Kwanza picha moja. Zamani, mzee asiyejua kusoma akipata barua kutoka kwa mtoto wake mjini, alikuwa anamtafuta kijana wa shule amsomee. Huduma ya bure, na ya haraka. Lakini huyo kijana ndiye aliyejua nani ametuma pesa, nani anaumwa, nani ana deni. Akiwa na mdomo, kufikia jioni kijiji kizima kinajua. Mshike huyo msomaji wa barua, tutarudi kwake.

3/ Sasa twende kwa intaneti. Kabla ya 2009, Kenya ilitegemea setilaiti kuongea na dunia. Setilaiti hizo ziko kama kilomita 36,000 juu. Ombi lako linapanda, linashuka ng'ambo, jibu linapanda tena ndipo likufikie. Safari moja ya kwenda na kurudi ni karibu nusu sekunde, na ukurasa mmoja unahitaji safari nyingi. Ungefungua ukurasa, uende kuchemsha chai, urudi upate picha imefika nusu.

4/ Hata sisi kwa sisi tulikuwa tunazungukana. Barua pepe kutoka jengo moja la Nairobi hadi la pili ingeweza kupitia ng'ambo, kwa vile kampuni za intaneti hazikuwa na mahali pa kukutania hapa nyumbani. Kituo cha kubadilishana data, KIXP, kilifunguliwa 2000, kikafungwa muda mfupi baadaye kwa amri ya mdhibiti, kikafunguliwa tena 2002. Kumbuka hapo: kasi ilikuwa suala la siasa tangu mwanzo.

5/ Katika hali hiyo ndipo Opera Mini, kivinjari kutoka Norway, kikazinduliwa dunia nzima mwaka 2006. Ujanja wake ulikuwa rahisi. Simu yako haiendi kuchukua ukurasa. Inaituma seva ya kampuni, seva inauchukua, inaubana, inakuletea kitu chepesi. Kampuni yenyewe ilisema unaweza kuokoa hadi asilimia 90 ya data. Simu ndogo ya vibonye ikawa na intaneti.

6/ Na tuseme ukweli, kiliokoa wengi. Mimi mwenyewe intaneti yangu ya kwanza ilikuwa kwenye simu ya kaka yangu, kivinjari hicho hicho, bando ya siku tukigawana kama sukari. Bila kubana data tungesoma kurasa mbili tu bando iishe. Kwa hivyo mtu asije hapa akasema watu walikuwa wajinga. Walipiga hesabu na pesa waliyokuwa nayo.

7/ Lakini ili ukurasa ubanwe, lazima usomwe. Hata ukurasa uliofungwa kwa msimbo, kama wa benki, seva ya katikati ilikuwa inaufungua, inaubana, halafu inaufunga upya kabla ya kukutumia. Opera walieleza wazi kwamba ukitaka ulinzi kutoka mwanzo hadi mwisho, utumie kivinjari kamili. Mwaka 2013 Nokia nao walikiri kwamba kivinjari chao cha simu kilikuwa kinafungua kwa muda data iliyofungwa ili kuibana, wakisisitiza kwamba wafanyakazi wao hawakuwa wanaisoma. Si umemwona yule kijana wa kusoma barua? Amerudi, sasa anaitwa seva.

8/ Kumwamini msomaji si kosa. Shida ni pale msomaji anapouzwa. Kulikuwa na kampuni ya Israeli inaitwa Onavo. Programu yake moja ilibana data ili bando yako idumu. Oktoba 2013 Facebook ikainunua. Baadaye ikasukuma programu nyingine ya Onavo, iliyojitangaza kama mlinzi wa data yako, huku data hiyo ikiionyesha Facebook ni programu gani watu wanatumia na kwa kiasi gani.

9/ Nyaraka za ndani zilizotolewa na kamati ya Bunge la Uingereza Desemba 2018 zilionyesha takwimu za Onavo zikitumika kuwapima washindani, WhatsApp ikiwemo. Programu hiyo iliondolewa kwenye duka la Apple 2018, na Facebook ikaifunga 2019. Julai 2023 mahakama ya Australia ikaamuru kampuni tanzu mbili zilipe jumla ya dola milioni 20 za Australia, kwa sababu watumiaji hawakuelezwa vya kutosha data yao inaenda kufanya nini.

10/ Kwetu, Novemba 2014, huduma ya bure ya Facebook, ambayo baadaye iliitwa Free Basics, ilifika Kenya kupitia Airtel. Hulipi data, lakini unaingia kurasa zilizochaguliwa tu, na njia inapitia seva zao. Masharti waliyotoa Mei 2015 hata hayakuruhusu kurasa zilizofungwa kwa msimbo; walibadilisha baada ya kelele. Fikiria nani alikuwa anatumia. Mwenye faiba nyumbani hakuihitaji.

11/ Na sheria ilikuwa wapi? Katiba ya 2010, Kifungu cha 31, tayari ilitupa haki ya faragha, pamoja na faragha ya mawasiliano. Lakini Sheria ya Kulinda Data ilikuja 2019, na Kamishna wa kwanza akaapishwa 2020. Hesabu: miaka kumi kati ya haki kuandikwa na kupata ofisi ya kupelekea malalamiko. Simu za bei nafuu zilienea katika pengo hilo hilo.

12/ Sasa sehemu ambayo jukwaani huwa hawaisemi: kasi na faragha si maadui wa asili. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa. Kasi ikapanda bila mtu yeyote kuhitaji kufungua barua yako.

13/ Halafu 2018 ikaja TLS 1.3, toleo jipya la ule ufungaji wa kurasa. Zamani simu na seva zilisalimiana mara mbili, kwenda na kurudi, kabla ya kuanza kazi. Sasa ni mara moja. Ulinzi ukaimarika na kasi ikaongezeka kwa pamoja. Na 2022 Google ilipoondoa mfumo wa kubana data kwenye Chrome ya simu, ilisema gharama ya data imeshuka katika nchi nyingi na kivinjari kimeboreshwa.

14/ Maana yake nini? Tulitoa faragha kwa sababu miundombinu ilikuwa mibovu na bando ilikuwa ghali. Hayo mawili ni maamuzi ya sera, si mvua. Tukikubali kwamba maskini alipe kwa siri zake kile ambacho tajiri analipa kwa shilingi, tumeigeuza haki ya Katiba kuwa bidhaa ya dukani. Msichana anayetafuta kliniki kwa simu ya bei ya chini anahitaji faragha kuliko bosi mwenye laptopu.

15/ Kwa hivyo siku nyingine mtu akiahidi intaneti ya bure, usimzomee. Muulize maswali matatu. Nani anakaa katikati? Anaona nini, na anakiweka kwa muda gani? Akiuza kampuni kesho, data yangu inaenda na nani? Asipojibu, ujue hiyo bure ina mwenyewe.

16/ Wazee wetu hawakuacha kusomewa barua. Walichagua kijana asiye na mdomo, na wakawapeleka watoto shule ili siku moja barua isomwe nyumbani. Sisi je? Uzi umeisha. Kama nimekosea mahali, nikosoe hapo chini, tujifunze pamoja.