Kibuuka Kabatini: Miungu ya Buganda na Macho ya Wageni

Mgeni anayepanda mnara wa Msikiti wa Taifa wa Uganda, juu ya kilima cha Old Kampala, huonyeshwa vilima vya mji kimoja baada ya kingine: Mengo penye kasri ya Kabaka, mfalme wa Buganda, Rubaga na Namirembe penye makanisa makuu mawili, Kasubi walikozikwa wafalme. Akitazama chini upande wa Nakivubo ataiona Kikuubo, kichochoro cha maduka ya jumla ambako magunia ya sukari, katoni za sabuni na marobota ya nguo hupakiwa kwenda Juba, Bunia na miji ya mikoani, na ambako Kiswahili husikika kuliko sehemu nyingi za Kampala kwa sababu wanunuzi hutoka pande zote za mipaka. Asichoambiwa mara nyingi ni kwamba juu ya kilima hikihiki, palepale juu ya maduka hayo, ndipo desturi ya kuitazama miungu ya kale kama maonyesho ilipoanza nchini Uganda. Ilianza mwaka 1908, na namna ilivyoanza imeharibu macho yetu hadi leo. Hoja yangu ni kwamba kitu kitakatifu kinaweza kutazamwa na mgeni bila kuvunjiwa heshima, mradi mgeni ndiye anayekifuata kwake, na wenyewe wangali wapo wa kumwambia avue viatu. Kikihamishwa na kufungiwa kabatini, wanaokitazama huongezeka na wanaokijua hupungua.

Wafanyabiashara wa Kampala wamezoea safari za kwenda Guangzhou kufuata bidhaa, kwa hiyo mfano wa kwanza wa hoja hiyo nautoa China. Kwenye jimbo la Sichuan, mahali mito ya Minjiang, Dadu na Qingyi inapokutana, yupo Buddha wa Leshan, aliyechongwa katika mwamba mwekundu wa kingo za mto akiwa ameketi, mwenye kimo cha mita 71. Mtawa Haitong aliianza kazi hiyo mwaka 713 kwa sababu mkondo wa pale ulikuwa ukizamisha mashua na kuua watu. Ikamalizika mwaka 803, yeye akiwa amekwisha kufa zamani. Leo umati wa watalii hushuka ngazi nyembamba hadi miguuni pake, wanalipa kiingilio, wanapiga picha. Juu kuna hekalu, na watu huchoma ubani. Mtalii asiyeamini chochote cha dini hiyo anapita katikati ya wanaoamini, na uso ule wa mawe bado umeelekezwa kwenye maji uliyochongwa kuyatuliza. Fedha haikuuharibu utakatifu huo. Kwa hiyo anayesema kwamba utalii na ibada haviwezi kukaa pamoja anakanushwa na miaka mingi ya mahali kama hapo.

Buganda mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka 1902 George Wilson, afisa wa ngazi ya juu katika serikali ya himaya ya Kiingereza, aliagiza vitu vyote vya kuvutia vya nchi hii vikusanywe. Makusanyo hayo yakawekwa katika jengo dogo kwenye ngome ya Lugard, kilima cha Old Kampala, ngome ambayo mjumbe huyo wa kampuni ya Kiingereza aliianzisha alipowasili Desemba 1890, na mwaka 1908 yakafunguliwa kuwa jumba la makumbusho. Baganda waliliita nyumba ya mayembe, yaani ya pembe zile zenye nguvu za mizimu, na wengi walipaogopa. Sidhani kwamba huo ulikuwa ujinga. Watu hao walielewa vizuri kabisa kilichokuwamo ndani. Ni wakusanyaji waliovihesabu kuwa vitu vya kuvutia ambao hawakuelewa, au walielewa na wakataka kuonyesha kwamba nguvu hizo sasa zimeshikwa na serikali, tena ndani ya ngome ya askari.

Aliyepatwa zaidi na jambo hili ni Kibuuka. Katika simulizi za Buganda yeye ni mungu wa vita, mwana wa visiwa vya Ssese na ndugu wa Mukasa, aliyekuja kumsaidia Kabaka Nakibinge dhidi ya Wanyoro, akipigana kutoka mawinguni hadi alipopigwa mishale na kufia Mbaale, nchi ya Mawokota. Hapo alijengewa hekalu, na masalia yake, taya likiwamo, yakatunzwa na makuhani wake. Taya halikuwa mfupa wa kawaida: kwa Baganda wa zamani ndipo roho ya marehemu iliposhikamana, na mataya ya wafalme nayo yalipambwa na kuwekwa katika nyumba maalumu hadi Muteesa wa Kwanza, aliyekufa 1884, alipozikwa bila taya lake kuondolewa. Hekalu la Mbaale liliangamia kwa moto katika vita vya dini vya mwisho wa karne ya 19. Masalia yaliokolewa, lakini baadaye yakafika mikononi mwa John Roscoe, mmisionari na mwanaanthropolojia, kwa msaada wa Apolo Kagwa, Katikiro, yaani waziri mkuu, wa Buganda. Mwaka 1907 Roscoe aliyaeleza katika jarida moja la London, na yenyewe yakaingia makumbusho ya Cambridge. Kagwa tusimhukumu haraka: ndiye pia aliyeandika kwa Luganda historia ya wafalme na desturi za watu wake, na bila vitabu vyake tungejua machache sana. Ila alikuwa Mprotestanti wa kizazi cha kwanza, na kizazi hicho kiliamini kwamba mungu akishaandikwa kitabuni mwili wake unaweza kwenda.

Kibuuka alirudi mwaka 1962, mwaka wa uhuru. Hakurudi Mbaale. Alipelekwa kwenye Jumba la Makumbusho la Uganda, ambalo wakati huo lilikuwa limekwisha kuondoka Old Kampala, likapitia Makerere na kupata jengo lake la Kitante, lililochorwa na msanifu Mjerumani Ernst May na kufunguliwa 1954. Taifa jipya liliupata mwili wa mungu wake na likauweka kama lilivyofundishwa na waliotangulia. Hapo ndipo ninapoona kosa lenyewe, kubwa kuliko lile la Roscoe, kwa kuwa safari hii uamuzi ulikuwa wetu. Kichwa cha Luzira, sanamu ya udongo wa kuchoma yenye umri wa takriban miaka elfu moja, iliyofukuliwa na wafungwa mwaka 1929 kwenye gereza la Luzira karibu na ziwa, hakijapata hata bahati hiyo. Kimo katika makumbusho ya Uingereza, London, na Mganda anayetaka kukiona akiwa mbele yake anahitaji viza.

Pingamizi la kwanza ni zito. Makumbusho huokoa. Bila kabati la Cambridge, pengine Kibuuka angeteketea kama hekalu lake. Buddha wawili wa Bamiyan, Afghanistan, waliobaki mahali pao karne kumi na nne hivi, walilipuliwa Machi 2001. Na usiku wa tarehe 16 Machi 2010 Kasubi iliungua. Lakini tuviangalie vifo hivyo kwa makini. Bonde la Bamiyan lilikuwa halina waumini wa Kibuddha kwa takriban miaka elfu. Sanamu zilibaki mawe bila makuhani, na zilipoanguka hapakuwa na jamii yenye wajibu wa kidini wa kuzisimamisha tena. Kasubi ilikuwa na wenyewe. Nyumba ile ya Muzibu Azaala Mpanga, iliyojengwa na Muteesa 1882 kama kasri na kugeuka kaburi lake na la wafalme watatu waliomfuata, ilikuwa ya nyasi, matete na magome ya mti, vitu ambavyo daima vilihitaji kurudishiwa upya. Ukoo wa Ngeye unajua kuezeka, na pete 52 za darini zinawakilisha koo 52 za Buganda. Ujenzi mpya ulichukua zaidi ya miaka kumi, wenye magomvi na ucheleweshaji wa kuudhi, lakini mwaka 2023 UNESCO iliiondoa Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kilichoiokoa ni ujuzi wa watu ambao hawakuwahi kuondolewa nyumbani kwao.

Pingamizi la pili husemwa kwa sauti ya chini zaidi, ingawa nadhani ndilo lenye nguvu Kampala: haya ni masanamu, na nchi ya Wakristo na Waislamu haina sababu ya kuyarudishia makao. Jibu lipo pale pale Old Kampala. Msikiti ule, uliofunguliwa rasmi Machi 2008 baada ya Muammar Gaddafi kugharimia kumalizika kwake, huingiwa na watalii wa kila dini kila siku. Mwanamke hupewa kitambaa cha kujifunika, viatu hubaki mlangoni, mwongoza watalii hueleza, swala ikifika wageni hukaa pembeni. Hakuna anayedhani kwamba mgeni Mkristo amesilimu kwa kuingia, wala kwamba ingekuwa afadhali mihrabu ing'olewe na kuwekwa kwenye jumba la kioo ili kila mtu aione bila kuvua viatu. Namugongo, penye madhabahu ya Mashahidi wa Uganda, nayo kila tarehe 3 Juni hupokea mahujaji na watazamaji pamoja. Adabu tunayowadai wageni kwa dini zilizofika karne ya 19 tunaweza kuidai kwa zile zilizozikuta. Hata Ubuddha, tangu 2005, una hekalu lake upande wa Entebbe, lililoanzishwa na mtawa Mganda, na haujamdhuru jirani.

Juni 2024 makumbusho ya Cambridge yalileta Kampala vitu 39 vilivyotoka Uganda. Ilikuwa hatua njema, na waliohangaika kuifanikisha wanastahili shukrani. Lakini vilikuja kwa mkopo wa miaka mitatu, ingawa unaweza kuongezwa. Mkopo huo unatupa muda wa kuamua vizuri kuliko tulivyoamua 1962. Wasimamizi wa makumbusho wakae na wazee wa koo na watunzaji wa mahali vilikotoka, wawaulize kila kimoja kilikuwa cha nani, kilihudumiwa vipi, kinaweza kutazamwa na nani. Vinavyoweza kurudi kwao virudi, na mgeni avifuate huko, Mawokota au kwingineko, alipe kiingilio kwa wanaovitunza. Na pale Old Kampala, ambapo ngome ya Lugard ilibomolewa kupisha ujenzi wa msikiti na mfano wake kujengwa kando, kiwekwe kibao kinachoeleza kilichofanyika 1908, kwa Luganda, Kiingereza na Kiswahili, ili hata mchuuzi anayepanda kutoka Kikuubo kupumzika kidogo asome.